Deni la Kampuni Iliyokufa

Katika mazishi ya Waswahili, kabla watu hawajatawanyika, mmoja wa jamaa husimama akatangaza kwamba ye yote aliyekuwa akimdai marehemu na awaendee wafiwa. Kampuni haina jamaa. Ifapo huja mfilisi, akakusanya mabaki yake na kuyagawa kwa utaratibu wa sheria, na mdai asiye na rehani mara nyingi huambulia kidogo au hapati kitu.

Na uchukuliwe mfano wa Igogo, mjini Mwanza, ambako malori hupita chini ya nyumba zilizopandana juu ya majabali. Mchukuzi agongwa na lori la kampuni, akakatwa mguu. Kampuni hiyo ilikuwa imekata bima kwa ajili ya madhara kama hayo. Kesi ingali mahakamani, nayo yafilisika. Fedha za bima zipo. Je, ni za nani?

Mwanasheria wa zamani angejibu bila kusita kwamba si za mchukuzi. Bima ni ahadi baina ya wawili, naye hakuwamo. Hoja hii si ya kipuuzi, maana ahadi ikiweza kudaiwa na kila apitaye njiani, wachache watathubutu kuahidi. Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1920, mahakama iliifuata hoja hiyo mpaka ukomo wake: mtu aliyeumizwa na gari la kampuni iliyofilisika aliona malipo ya bima yakitiwa katika fungu la wadai wote. Kwa mantiki hiyo, mguu wa mchukuzi ungekuwa mali ya kuwalipia wauza mafuta na wakopeshaji, na kadiri majeruhi wanavyozidi, ndivyo fungu linavyonenepa! Aibu hiyo ilizaa sheria ya mwaka 1930, iliyoitwaa haki ya kampuni muflisi juu ya bima yake ikampa aliyeumia.

Sheria hiyo ilikuwa na haki. Mkopeshaji alimchagua mdeni wake, akampima, akatoza riba kwa kadiri ya hofu yake. Mchukuzi hakumchagua mtu. Alikuwa akivuka njia. Tena fedha zile zisingalitoka kamwe kama yeye asingaliumia. Kuziita mali ya kampuni ni kuiita amana mali ya aliyeibeba.

Hata hivyo, haki iliyotolewa kwa mkono mmoja ilizuiwa kwa mwingine. Mwanamke aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha pamba huko Uingereza alipatwa na ugonjwa wa mapafu utokanao na vumbi la zao hilo, ambalo Usukuma unalijua sana. Kiwanda kilikuwa kimekwisha kuvunjwa mwaka 1976. Aliomba aonyeshwe hati za bima yake, na mwaka 1989 mahakama ya juu ilimkatalia: lazima kwanza hatia ya kampuni ithibitishwe, na kampuni isiyokuwapo haishitakiwi. Baadaye tu ndipo sheria ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Agosti 2016, iliporuhusu kampuni ya bima ishitakiwe moja kwa moja, hatia na bima vikaamuliwa katika kesi moja.

Tanzania, kwa habari ya magari, Sura ya 169 ya sheria humtaka mtoa bima ailipe hukumu aliyoshinda majeruhi, hata akiwa na sababu ya kuivunja bima yenyewe. Lakini hukumu hutangulia. Na mahakama ikishaamuru kampuni ifilisiwe, kesi juu yake haiendelei bila ruhusa. Mchukuzi wa Igogo atalipia ruhusa hiyo kwa fedha zipi? Na kama kilichomvunja si lori bali ukuta wa ghala, sheria hiyo ya magari haimhusu.

Limebaki fundo moja gumu. Mtoa bima husema: niliahidi kwa sharti la kupewa habari na msaada na mwenye bima, nami sikupewa. Kwa kampuni iliyo hai, hilo ni jibu. Sheria ya 2010 imeamua kwamba sharti la mwenye bima kutoa habari au msaada halimzuii majeruhi, ikiwa halikutimizwa kwa sababu kampuni imekwisha kuvunjwa. Wapo watakaoona hapo mtoa bima ameonewa. Yamkini ameonewa kidogo. Walakini yeye alipokea ada, na mchukuzi hakupokea cho chote, wala hajui hata hati ya bima imo katika kabati la nani.