Mke ni nguo, mgomba kupalilia: palizi ni ya nani?

Methali hii huachwa njiani mara nyingi. Mtu husema "mke ni nguo", akaishia hapo, na kila msikilizaji akajazia maana yake. Mmoja husikia kwamba mwanamke hana haja nyingine ila kuvalishwa. Mwingine, na huyu ndiye anayeumiza zaidi, husikia kwamba mke ni kitu cha kuvaa na kuvua, kikichakaa kinatafutwa kipya. Nusu ya pili, mgomba kupalilia, huachiwa wakulima. Mimi naona uzito wa methali nzima umekaa katika nusu hiyo.

Maana ya nje haina utata. Aliyepanda mgomba anadaiwa palizi, aliyeoa anadaiwa kumvisha mkewe. Anayedaiwa katika sehemu zote mbili ni mwanamume, na hilo si jambo dogo, kwa sababu mafunzo mengi ya ndoa katika mwambao wetu humwelekea mwanamke. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utendi wake mwaka 1858, alimtungia binti yake, akamfunza namna ya kukaa na mume. Kungwi humweka mwari ndani akamfundisha usafi, mapishi, staha na subira. Bwana harusi je? Aghalabu hupewa maneno mawili matatu ya haraka, watu wakaenda kula pilau. Methali hii ni miongoni mwa zile chache zinazomgeukia yeye na kumwambia kwamba naye ana kazi.

Kwa nini wazee walitaja nguo, wasitaje chakula? Katika Zanzibar ya karne ya 19 nguo ilitangaza hadhi ya mtu kabla hajafungua kinywa. Mwanamke aliyekuwa mtumwa alijifunga kaniki, kitambaa cha bei ya chini kilichokolezwa nili, akapita miguu mitupu na kichwa wazi. Amri ya kufuta hadhi ya utumwa ilipotolewa mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani waliitupa kaniki wakajifunga kanga, na baadaye wakavaa buibui, ili mji uwaone kuwa ni watu huru. Isikilize methali ukiwa na picha hiyo. Kumvisha mke ni kumsitiri na kusimama mbele za watu ukasema huyu ana heshima yake, na heshima hiyo naibeba mimi. Doti ya kanga inayoletwa nyumbani kabla ya Idi bado ina sauti hiyo, hata pale mke anapokuwa na mshahara wake na anaweza kujinunulia kanga kumi.

Dini na sheria zimekazia wajibu huo. Fikihi ya Kiislamu inamtwika mume chakula, mavazi na makazi ya mkewe. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 63, nayo inamtaka mume atoe makazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Lakini kifungu hichohicho kina sehemu ya pili ambayo haitajwi sana vibarazani: mke mwenye uwezo naye anawajibika kumtunza mume ambaye ugonjwa wa mwili au wa akili umemzuia kutafuta riziki. Na Kurani, katika sura ya Al-Baqara, imemfanya kila mmoja kati ya mume na mke kuwa vazi la mwenzake. Hapo anayesitiri naye anasitiriwa. Anayeitumia methali yetu kumfanya mwanamke kuwa mpokeaji tu ameiacha nyuma hata misingi ambayo Waswahili wenyewe wameijengea ndoa zao.

Sasa tuingie shambani. Mizizi ya mgomba imetambaa karibu na uso wa ardhi. Magugu yakiachwa hugombea nao maji na rutuba, na mkungu unadumaa. Lakini ukiingia na jembe kwa pupa, ukalizamisha, utaikata mizizi yenyewe. Mpaliliaji mzuri huenda taratibu, mahali pengine huinama akang'oa kwa mkono. Hupunguza machipukizi, akabakiza katika kila shina mama, mtoto na mjukuu. Hukata majani makavu akayatandaza chini yashike unyevu. Kisha mvua inanyesha, na magugu yanarudi.

Ndiyo maana wazee hawakusema mgomba kupanda, wala mgomba kuvuna. Kupanda ni kwa siku moja, kama harusi ilivyo. Walichagua kazi inayorudiwa, isiyo na shangwe, inayomtaka mtu awepo, aangalie, ajue wapi pa kutia nguvu na wapi pa kuzuia mkono. Falsafa ya ndoa iliyomo humo ni nzito: uhusiano hauharibiki kwa kutendwa ubaya peke yake, huharibika pia kwa kuachwa. Mume ambaye hakupiga, hakutukana, ila miaka inapita hajauliza mkewe anaumwa nini, huyo ameacha shamba liliwe na magugu, hata kama kabati limejaa vitenge.

Hapa ndipo methali inapogongana na maisha tunayoishi. Inamwagiza mwanamume apalilie, lakini katika mashamba mengi ya Afrika Mashariki anayeinama kupalilia ni mwanamke. Nenda Kagera, kwenye vibanja vya Wahaya, utamkuta mama katikati ya migomba, anang'oa magugu na kupanda maharage. Pamoja na jasho hilo, kanuni za mila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo tu, zikamnyima haki ya kuiuza, haki ambayo mwanamume alikuwa nayo. Ilibidi kesi ifike Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua, katika shauri la Ephrahim na Pastory, kwamba ubaguzi huo unakwenda kinyume na Katiba.

Palizi ya ndani ya nyumba nayo ilichelewa kuhesabiwa. Kwa miaka mingi majaji wa Tanzania waligawanyika: wengine walisema kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke tu na hakumpi fungu katika mali ya ndoa, wengine wakasema ni mchango. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilimaliza ubishi katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu: kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa sababu mahakama iliona alikwisha kupewa fedha na mumewe za kuanzishia mradi, akazipoteza. Ila hoja aliyoisimamia imewafaa wanawake waliokuja baada yake. Kenya, kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, imetaja waziwazi kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi za shambani kuwa mchango.

Mwanamume naye ameumizwa na methali iliyokatwa nusu. Kijana asiye na kazi huambiwa, kwa maneno au kwa macho, kwamba asiyeleta nguo si mume. Wapo wanaoamini hivyo hadi wakaikimbia nyumba, wakaacha watoto, kwa aibu ya mfuko mtupu. Nusu ya pili ingewaokoa. Palizi haihitaji fedha, inahitaji mikono. Baba aliyekosa kibarua leo anaweza kumwogesha mtoto, kuchota maji, kuinjika chungu, kukaa na mkewe mgonjwa usiku kucha. Akifanya hivyo anatimiza kile alichoagizwa na wahenga, na anayemcheka kwamba amekaliwa na mke hajaielewa methali.

Basi nawaomba makungwi, masheikh, wachungaji na wazee wanaotoa nasaha kwenye harusi: msiikate methali hii. Mwekeni bwana harusi kitako muda uleule anaowekwa bibi harusi, mwambieni kuhusu nguo, kisha mwambieni kuhusu palizi, kwa mifano ya kazi zenyewe, moja baada ya moja. Nao akina mama wanaolea watoto wa kiume wasingoje siku ya harusi. Ufagio na chungu wawape sasa.