Jirani Yetu Azamaye Majini



Neno tulitumialo kanisani tunapomwita Bwana wetu Mwokozi ndilo tulitumialo ziwani, tusemapo kwamba mvuvi fulani amemwokoa mwenziwe. Si heshima ndogo aliyopewa mvuvi huyo. Walakini wengi wetu tumezoea kuigawa kazi hiyo: kuokoa roho tumewaachia mapadre na makatekista, kuokoa miili tumewaachia polisi na waganga, nasi wenyewe tumebaki ufukoni tukipiga mayowe.

Injili haituruhusu kubaki huko. Mtume Petro alipoanza kuzama katika bahari ya Galilaya, Bwana aliunyosha mkono wake mara moja, akamshika. Maneno ya kumkemea kwa imani yake haba yalikuja baadaye, mtu akiwa amekwisha kushikwa. Utaratibu huo na tuuangalie sana, sisi tupendao kuuliza kwanza azamaye alikunywa nini. Tena mtazameni Msamaria. Yule kuhani na yule Mlawi huenda nao waliona huruma. Mimi sioni sababu ya kuwadhania mioyo ya mawe. Lakini Msamaria alikuwa na mafuta na divai, na mnyama wa kumbebea majeruhi, tena alijua kufunga jeraha.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992, katika fungu la 2269, chini ya amri ya tano, yaweka mambo mawili pamoja: ni haramu kumtia mtu katika hatari ya kufa pasipo sababu nzito, na ni haramu pia kumnyima msaada aliye hatarini. Kwa watu wengi amri ya tano ni amri ya panga na sumu. Hawajui kwamba yafika hata gatini.

Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, huko Ukerewe. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Hapo uokoaji ulipaswa kuanza kabla kamba haijafunguliwa, kwa mtu mmoja kusimama na kusema, "Kimejaa, ngojeni." Angalitukanwa, bila shaka. Nasi abiria tusijitoe katika lawama, maana mwenye chombo hujaza kwa kuwa sisi twasukumana kuingia.

Liko jambo jingine lililo chungu zaidi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Haikuzama papo hapo. Ilielea kifudifudi, na waliofungiwa ndani wakasikika wakigonga. Wakatoboa tundu ili kuwatoa; ndipo hewa iliyokuwa ikiizuia meli ikatoka, nayo ikazama pamoja nao. Hatuyakumbuki hayo ili kuwahukumu waliotoboa. Ni nani kati yetu angaliweza kuusikia mgongo huo wa chuma ukigongwa, akakaa kimya? Huruma walikuwa nayo tele. Maarifa na vyombo vya kazi hiyo ndivyo vilivyokosekana, na vitu hivyo havitafutwi saa ile ya msiba. Mtakatifu Paulo aliwasikitikia ndugu zake waliokuwa na bidii isiyo na maarifa. Alisema juu ya imani, lakini neno lake lafaa hapa pia.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, waliotangulia kufika walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Katika watu 43, walipona 24. Wavuvi wale walikuwa na makasia, kamba na mazoea ya maji.

Wazee wetu walisema mfa maji hukamata maji. Akamataye maji atamkamata pia yule amwendeaye, na mara nyingi huzama wote wawili, ndugu nyuma ya ndugu. Basi asiyefundishwa asijitupe majini. Kufanya hivyo si ushujaa, ni kuongeza jeneza. Na amwite mtu, amnyoshee azamaye kasia au mti, amtupie kamba, au dumu tupu lililofungwa kifuniko. Tena asingoje kelele: azamaye mara nyingi hana pumzi ya kupigia ukelele, naye hupotea kimya huku wenzake wakicheka kando yake.

Akiisha kutolewa, asining'inizwe miguu juu, wala asikandwe tumbo ili atapike maji. Desturi hiyo imepoteza wengi. Kama hapumui, anahitaji pumzi kwanza. Ainuliwe kidevu, abanwe pua, apuliziwe kinywani mpaka kifua kiinuke. Asipoamka, kifua kikandamizwe katikati kwa nguvu mara 30, kisha apuliziwe tena mara 2, na kuendelea hivyo bila kuchoka, huku mwingine akienda mbio kutafuta mganga.

Kamba ya mita 20 na dumu tupu haviishindi parokia yoyote iliyo kando ya maji. Viwekwe mwaloni, tena asiviguse mtu kwa kazi nyingine. Na mganga wa zahanati iliyo karibu aombwe aje Jumapili moja baada ya Misa, awaonyeshe watu kwa vitendo: vijana, akina mama, na hasa wale wanaume wasemao kwamba wamekulia ziwani na hawana la kujifunza. Hao wapewe viti vya mbele.