UTAMSAMEHE ALIYEMUUA MTOTO WAKO?

Usitupe karatasi hii. Kwanza jibu swali moja moyoni mwako: kama mtu angeingia darasani asubuhi akampiga risasi binti yako, jioni hiyo ungekwenda kuwapa pole wazazi wa muuaji?

Najua jibu lako. Hata langu ndilo hilo.

Lakini wako watu waliokwenda. Tarehe 2 Oktoba 2006, huko Nickel Mines, wilaya ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania, Marekani, dereva wa lori la maziwa aliingia na bunduki katika shule ya chumba kimoja ya Waamishi. Hawa ni Wakristo wanaotumia magari ya farasi, na hawamwinulii mtu silaha kabisa. Aliwatoa wavulana nje, akabaki na wasichana 10. Akawapiga risasi wote. Watano wakafa, wenye umri wa miaka 7 mpaka 13. Kisha akajiua. Mtu huyu alikuwa amemkasirikia Mungu kwa sababu ya mtoto wake mchanga aliyekufa miaka 9 kabla. Ona uchungu uliofugwa unavyozaa!

Siku hiyo hiyo Waamishi walifika kwa jamaa za muuaji, wakawafariji, wakasema tumesamehe. Alipozikwa, zaidi ya nusu ya waombolezaji walikuwa Waamishi, wakiwamo wazazi waliotoka kuzika binti zao siku moja au mbili tu kabla. Mjane wake wakamchangia fedha.

Wako waliosema, eti hao hawana uchungu, msamaha wa haraka hivyo ni wa mdomo tu. Wengine wakauliza swali zito zaidi: mzazi ana haki gani ya kusamehe? Aliyepigwa risasi ni mtoto, naye hayupo tena wa kusema.

Ndugu, swali hilo tusilirukie. (Wahubiri wengi tunaliruka.) Ni kweli, baba hawezi kusamehe kwa niaba ya marehemu. Deni la ile damu liko kwa Mungu. Lakini baba naye ameibiwa! Sauti ya binti yake haisikiki tena uani. Deni hilo ni lake, na hilo ndilo aliloliachilia. Hakusema kosa ni dogo. Wala kusamehe si kumficha mhalifu asishtakiwe. Maana hata miongoni mwa Waamishi wenyewe wako wasichana walionajisiwa na jamaa zao, wakaambiwa wasamehe na wanyamaze. Huo si msamaha, ni kufunika uovu!

Na uchungu je? Walilia, jamani. Walikwenda hata kwa washauri. Walikiri kwamba hasira hurudi, ukaanza upya. Petro alipouliza asamehe mara ngapi, sisi tunadhani Yesu alikuwa akihesabu makosa mengi. Kumbe hata kosa MOJA laweza kuhitaji mara zote hizo! Waamishi walitamka kwanza, moyo ukaja nyuma unachechemea.

Kati ya wasichana waliopona, mmoja hakuweza tena kutembea wala kusema. Kwa miaka mingi, kila Alhamisi jioni, mama mzazi wa muuaji alikwenda nyumbani kwao, akamwogesha, akamsomea, akamwimbia. Na waliomfungulia mlango ni wazazi wa mtoto.