Amana ya Kiti Kikuukuu

Mtu aliyepata motokaa kuukuu ya mbio, akaiegesha chini ya mwembe nyumbani kwake na kuazimia kuitengeneza upya ndani, hukabiliwa na swali kabla ya kushika mkasi. Swali lenyewe si la ufundi. Ni hili: viti vile, zulia lile na dashibodi ile ni vyake kwa kiasi gani? Jawabu jepesi ni kuwa vyote ni vyake, maadamu amenunua au amerithi, na mwenye mali haulizwi. Hilo ni jawabu la sheria, na sheria ina haki ya kulitoa. Walakini sheria humlinda mtu na majirani zake tu; haimwelezi la kufanya anapokuwa peke yake, sindano mkononi, mbele ya kitu kilichokaliwa na watu wengine kabla yake.

Na litazamwe swali hili kutoka Ilagala. Ilagala iko kusini ya Kigoma na Ujiji, kando ya mto Malagarasi, karibu na mahali mto huo unapomwaga maji yake katika ziwa Tanganyika. Ni nchi ya michikichi na mawese, ya dagaa waliotandazwa juani, na kwa miaka mingi magari yamevushwa mto kwa kivuko. Motokaa ya mbio haikuundwa kwa ajili ya njia za namna hiyo. Hata hivyo si kitu kigeni kabisa katika Afrika ya Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953. Mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, waliyashinda kwa Volvo iliyokuwa imekwisha tumika kabla yao. Na mwaka 1971, kisha 1973, ushindi ulikwenda kwa Datsun 240Z, motokaa ya viti viwili yenye boneti ndefu, ambayo vijana wa wakati ule waliitazama kama watu wa pwani wanavyotazama jahazi lenye tanga jipya. Basi ichukuliwe kwa mfano kuwa mjomba mtu alikuwa na motokaa ya aina hiyo, akafa, na mpwa wake wa Ilagala ameirithi.

Anapoufungua mlango huona nini? Dashibodi imepasuka juu, kwa sababu jua limepita katika kioo cha mbele miaka hamsini bila ya kukosa siku. Zulia limekuwa na ukungu. Sponji ya viti imegeuka unga. Ukikibonyeza kiti, vumbi la rangi ya kahawa hutoka katika mshono. Ngozi ya bandia iliyofunika kiti cha dereva imechanika upande wa mlangoni, kwa kuwa kila aingiaye na kila atokaye hupasugua mahali pale pale. Na juu ya mpasuko huo pana kiraka kilichoshonwa kwa mkono, kwa uzi wa nyavu za kuvulia. Kiraka si kizuri. Mishono yake haiendi sawa, na rangi ya kitambaa chake haifanani na rangi ya kiti. Mjomba ndiye aliyekishona.

Hapa ndipo tofauti ya nje na ndani inapojidhihirisha. Nje ya motokaa ni kazi ya kiwanda. Bati likipindika huweza kunyoshwa, rangi ikichujuka huweza kupakwa, na umbo likarudi kuwa lile lililokusudiwa na mwenye kuichora. Ndani, baada ya nusu karne, si kazi ya kiwanda tena. Bonde lililo katika kiti ni umbo la mwili wa mtu. Usukani uliong'aa upande mmoja unasema kwamba mwenyewe aliushika kwa mkono mmoja, na mwingine aliutoa dirishani. Kwa hiyo anayetengeneza ndani hashughuliki na kitu kilichochakaa tu. Anashughulika na ushuhuda. Akisema, "Nitaifanya kama ilivyotoka kiwandani," amechagua mwaka mmoja katika maisha ya kitu hicho, na miaka mingine yote ameiita uchafu.

Wanafalsafa walikwisha kuzungukwa na jambo lililo karibu na hili. Mwandishi wa Kiyunani, Plutarch, amesimulia jinsi watu wa Athens walivyoihifadhi merikebu ya Theseus, wakitoa ubao uliooza na kutia mzima, hata wenye hekima wakagawanyika: wengine wakisema ni merikebu ile ile, wengine wakisema siyo. Katika karne ya 17 Thomas Hobbes alizidisha ugumu: ikiwa mtu aliziweka mbao zote zilizotolewa, akaziunga tena kwa taratibu yake ya kwanza, ipi katika hizo mbili ndiyo merikebu ya Theseus? Fumbo hili ni zuri kwa kunoa akili, lakini kwa mpwa wa Ilagala halina msaada mkubwa. Mkulima hubadili mpini wa jembe mara tatu na bamba mara mbili, na hakosi usingizi, maana jembe haliulizwi kama ni lile lile. Huulizwa kama linalima. Fumbo linauliza kitu ni nini. Dhamiri inauliza kitu ni cha nani, na ni nani atakayedhulumika kikibadilishwa.

Katika pwani ile ya ziwa upo mfano mkubwa zaidi ya jembe na zaidi ya motokaa. Ni meli ya Liemba. Iliundwa na kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaungwa tena na kushushwa majini mwezi wa Februari 1915. Mwezi wa Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakiiacha Kigoma, iliamriwa izamishwe isitekwe na adui. Kazi hiyo walipewa mafundi watatu waliokuja nayo kutoka kwao: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Watu hawa walitii amri, lakini kwa namna yao. Waliipakia meli mchanga, wakaipaka mitambo yake grisi nzito kila mahali, kisha wakaizamisha taratibu katika maji ya kusini ya Kigoma, upande unaoelekea mlango wa Malagarasi. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena mwaka 1920. Waingereza waliiinua mwezi wa Machi 1924, wakaikuta mitambo katika hali njema, na mwezi wa Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa ambalo Livingstone alilisikia na kuliandika.

Grisi ile yastahili kufikiriwa kuliko inavyofikiriwa. Waandishi wengi huvutiwa na masanduku, na vita, na safari ya reli. Grisi huipa sentensi moja. Lakini ndani ya grisi hiyo kuna wazo la maadili lililo adimu. Fundi aliyeambiwa aangamize kazi ya mikono yake aliiangamiza kwa namna itakayomrahisishia kazi mtu asiyemjua. Huenda watatu wale walitumaini ya kuwa watakaorudi kuiinua ni wenzao. Ni tumaini la kibinadamu, wala haliwaondolei sifa. Walakini grisi haikuchagua. Ilimngoja atakayekuja, na aliyekuja alikuwa adui wa jana, naye akapokea mitambo mizima. Baadaye, katika miaka ya 1970, mitambo hiyo ya mvuke ilitolewa na kuwekwa ya dizeli. Je, kazi ya grisi ilikuwa bure? Mitambo iliyolala chini ya maji ikaamka na kuvuta abiria kwa miaka karibu hamsini haiwezi kuitwa bure.

Kutoka hapo laweza kutolewa jawabu kwa mpwa. Yeye si mwenye mali tu. Ni mwenye amana, aliyesimama kati ya watu wawili. Mmoja ni yule aliyekaa, yaani mjomba na wenzake. Wa pili ni yule atakayefungua, mtu ambaye pengine hajazaliwa, atakayekinyanyua kiti hicho siku moja ili akitengeneze tena. Na katika hao wawili, mwenye haki kubwa zaidi ni wa pili. Maiti hana tena la kupoteza ila kumbukumbu. Atakayefungua aweza kupoteza kitu chenyewe.

Jambo hili si maneno ya hewani, kwa maana huonekana katika kazi. Fundi mwema hakati mshono wa zamani; huufumua uzi kwa uzi, kisha hulilaza kila pande la ngozi kuukuu juu ya pande jipya, akalichora kwa chaki, na kuliandika namba: la kukalia, la mgongoni, la ubavuni kushoto. Pande kuukuu, hata likiwa limeoza, ndilo mwalimu wake. Hulitandaza jipya juani kwanza lipate kulainika, maana likivutwa likiwa gumu hutoa mikunjo isiyotoka. Na jua la Ilagala halina bahili. Panapotosha skrubu au pete ya waya hatii gundi. Fundi wa haraka hufanya kinyume chake: hulibandika zulia jipya moja kwa moja juu ya bati la sakafu kwa gundi kali. Kazi hupendeza miezi sita. Chini yake unyevu wa ziwa hunaswa, kutu hula bati kimya kimya, na mwaka wa tano anayefungua hukuta tundu la kutokea mguu. Wa kwanza alipaka grisi. Wa pili alipaka gundi. Na hiyo ndiyo tofauti ya tabia zao.

Sponji nayo huleta shaka. Ile ya kiwandani haipatikani Ilagala, na kuiagiza mbali ni gharama. Je, ni udanganyifu kujaza kiti kwa sufi, kama magodoro ya zamani, au kwa nyuzi za makumbi ya nazi? Hapana. Kujaza kwa kilichopo ni mwenendo mwema, ikiwa hakuna anayeambiwa kuwa ndani mna kitu kingine. Udanganyifu huanza mahali pengine, na mara nyingi huanza pale ambapo watu hawautafuti. Aliyetia ngozi mpya ikaonekana mpya hakumhadaa mtu. Aliyetia ngozi mpya, akaisugua kwa msasa na kuipaka chai ili ionekane imekaliwa miaka hamsini, huyo ameghushi ushuhuda. Amemzulia mjomba asiyekuwepo. Na akija kuiuza motokaa yake kwa bei ya uzee huo, hana tofauti na mwenye kutia maji katika mawese.

Pana pingamizi mbili ambazo ni wajibu kuzikabili. Ya kwanza yatoka melini. Abiria wa Liemba, aliyekuwa akipanda Kigoma kuelekea vijiji vya kusini hata Kasanga, na mara nyingi akishushwa katikati ya maji kuingia mtumbwini kwa kuwa gati haikuwapo, hakupanda jumba la makumbusho. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni na magunia ya dagaa miguuni alitaka benchi imara na paa lisilovuja. Kumwambia kuwa benchi bovu lisiguswe kwa heshima ya mwaka 1915 ni kumfanya yeye alipe gharama ya raha ya wengine. Miaka ya 2020 mazungumzo ya kuitengeneza tena meli hiyo yamerudi, na wapenzi wa historia wa nchi za mbali wana maoni mengi juu yake. Yafaa waulizwe kwanza wao husafiri nini. Kitu kilichomo kazini ni cha akikaliaye. Kilichostaafu, kama motokaa ya mbio chini ya mwembe, kina deni zaidi kwa kumbukumbu, kwa kuwa hakuna anayeumia mgongo kwa ajili yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Katika kijiji ambamo baiskeli moja hubeba madumu manne ya mawese, yafaa mtu kutumia fedha kupamba kiti cha chombo cha anasa? Wapo watakaosema aiuze, fedha isomeshe watoto. Na ikiwa mtoto amekosa shule, maneno yao hayana jawabu. Lakini tuhuma hii isitumiwe bila ya mizani. Fedha anayopewa mshonaji wa Ilagala mwenye cherehani ya miguu, na kijana anayejifunza kwake kufumua bila ya kukata, haijapotea. Imebaki kijijini, na imeacha ujuzi nyuma yake. Motokaa mpya iliyonunuliwa kwa mkopo ili majirani waione haiachi kitu ila deni. Ajabu ni kuwa huyo wa pili huitwa mtu wa maendeleo, na yule wa kwanza mpumbavu.

Kimebaki kiraka cha uzi wa nyavu. Kukibakiza juu ya ngozi mpya ni kichekesho, kama kutia kilemba kuukuu juu ya kanzu ya sikukuu. Kukitupa ni kumtupa mjomba. Hakuna sheria hapa, na anayedai ipo hajapata kukishika kiraka cha namna hiyo. Mpwa aweza kukifumua pamoja na gozi lote la zamani, na gozi hilo, likisha kuwa kielelezo cha jipya, lisichomwe moto. Likaushwe vizuri, likunjwe na upande wa kiraka uwe juu, litiwe karatasi ya kueleza nani alishona, kwa uzi gani, na kiti kimejazwa nini mwaka huu; kisha litiwe katika gunia na kuwekwa darini, mbali na panya. Halichukui nafasi kubwa kuliko mkeka.