Haramia wa Nchi Kavu

Mimi ni haramia wa Rapsu. Bahari sijawahi kuiona, lakini lifti za bure nimeteka kibao. Jana boda ya kwenda Kinna ilitubeba watatu na mbuzi mmoja. Nauli nikalipa kwa stori.

Vasco da Gama naye alipewa lifti: chombo chake, njia ya watu. Mwaka 1498 Malindi ilimpa rubani, akamvusha hadi India. Mwaka 1502 akarudi bahari hiyohiyo, akachoma meli ya mahujaji, watu wakiwa ndani. Yeye anaitwa baharia shujaa, mimi, mdandiaji.

Sasa deni la lifti ni nini? Si nauli, wasee. Ni vile utawatendea wenye njia ukishaijua. Mimi mbuzi wa watu nilimshikilia hadi Kinna, na sikumla.