Sharti la Kuzidisha

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu, aingiapo katika darasa la uwezekano na takwimu, hukutana kwanza na vitu vya mchezo: sarafu, dadu na karata. Huambiwa kwamba sarafu isiyo na hila ina nafasi moja kati ya mbili ya kuangukia upande wa kichwa, na kwamba ikirushwa mara mbili, nafasi ya kupata kichwa mara zote ni moja kati ya nne. Nusu mara nusu ni robo. Mtoto wa shule aijua hesabu hiyo, na wengi darasani hudhani somo limekwisha.

Kumbe ndipo linapoanza. Kuzidisha huko kuna sharti lake, nalo ni kwamba tukio la kwanza lisiwe na mkono katika la pili. Sarafu haina kumbukumbu, basi sharti limetimia. Bahari sivyo ilivyo. Ngalawa mbili zikitoka pwani moja alfajiri moja, na kila moja ikawa hurudi tupu siku moja katika kumi, haifuati kwamba zote mbili zitarudi tupu siku moja tu katika mia. Upepo ulioizuia ya kwanza ndio huo huo ulioizuia ya pili. Azidishaye hapo hakukosea hesabu. Amekosea kuitazama bahari.

Je, kosa la namna hii ni la akili tu, au laweza kuwa dhuluma?

Mwezi Novemba 1999, mahakama ya Chester, Uingereza, ilimtia hatiani Sally Clark, mwanasheria aliyeshitakiwa kuwaua wanawe wawili wachanga, mmoja aliyefariki mwaka 1996 na wa pili mwaka 1998. Daktari bingwa wa watoto aliwaambia wananchi walioketi kuamua kesi kwamba nafasi ya watoto wawili wa familia kama ile kufa ghafla, pasi na sababu kujulikana, ni moja kati ya milioni 73. Namba hiyo ilipatikana kwa kuchukua makadirio ya kifo kimoja, yaani 1 kati ya 8,543, na kuyazidisha kwa yenyewe. Watoto waliotoka tumbo moja, wakarithi damu moja na kulala nyumba moja, walihesabiwa kama sarafu mbili.

Na hata kama namba ingekuwa sahihi, isingejibu swali la mahakama. Manahodha wengi hujua kuogelea, lakini wengi wajuao kuogelea si manahodha. Vivyo hivyo, kusema kwamba vifo viwili vya namna ile ni adimu kwa mama asiye na hatia, si kusema kwamba mama asiye na hatia ni adimu miongoni mwa waliofikwa na vifo hivyo. Mama kuwaua wanawe wawili nalo ni jambo adimu mno. Haki ilitaka uadimu upimwe kwa uadimu, wala si kujaza sahani moja ya mizani na kuiacha ya pili tupu.

Mwezi Oktoba 2001 chama cha wanatakwimu wa Uingereza, Royal Statistical Society, kilitamka hadharani kwamba namba ile haina msingi wa kitakwimu. Hukumu ilitenguliwa Januari 2003, ilipobainika kwamba matokeo ya vipimo vya maabara vya mtoto wa pili hayakuwa yamefikishwa kwa upande wa utetezi. Mama yule alikuwa amekwisha kukaa kifungoni zaidi ya miaka mitatu. Alifariki mwaka 2007.

Yuko atakayesema kwamba asiyekusudia uovu hana lawama. Hoja hiyo yamfaa aliyejikwaa njiani. Lakini wahenga walinena kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Shahidi atoaye namba hutoa pamoja nayo dhamana kwamba sharti la namba hiyo analijua. Asipolijua, dhamana yake ni batili, hata nia ikiwa safi. Na wasikilizaji nao hawasalimiki, wale walioshtushwa na ukubwa wa namba wakasahau kuuliza imepatikanaje.

Mwingine atasema, basi namba zifukuzwe mahakamani. Dawa hiyo ni kali kuliko maradhi. Pasipo namba hubaki dhana, na dhana huzidisha bila kalamu wala karatasi. Mama aliyefiwa mara mbili hunong'onewa vijijini bila msaada wa hesabu yoyote.

Wapenzi wa ushairi walijua hili zamani. Mshororo waweza kutimiza mizani kumi na sita na vina vyake vikalingana, na bado ukasema uwongo. Hesabu ya mizani hushuhudia umbo. Kweli hutafutwa kwingine. Mwanafunzi atakayesahau kanuni zote za darasa lile, akabaki na swali moja tu, "Je, mambo haya hayategemeani?", atakuwa amepata elimu ya kumzuia asimdhulumu mtu.