Karatasi Iliyokosekana

Tarehe 27 Desemba 2002 mpiga kura wa Kenya alifika kituoni kuchagua rais, mbunge na diwani, kila mmoja kwa karatasi yake. Katika jimbo la Baringo ya Kati karatasi ya mbunge haikuwepo. Rais Daniel arap Moi, aliyekuwa mbunge wa huko, alikuwa anastaafu, na mwanawe Gideon alikuwa amekwishapita bila kupingwa.

Nimeifikiria sana karatasi hiyo. Moi aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1955, mwalimu kijana, Mwingereza angali anatawala. Aliaga Bunge miaka 47 baadaye. Aliyezaliwa mwaka ule alioingia, kufikia hapo angeweza kuwa na wajukuu. Kiti kilipobaki wazi hatimaye, hapo ndipo mwananchi alipostahili zaidi kuulizwa: haya, sasa mnamtaka nani? Hakuulizwa.

Heshima kwa mzee si jambo dogo kwetu. Aliyewajengea watu shule, anayewajua kwa ukoo, si rahisi kumpinga mwanawe siku anayoaga, na shukrani hiyo siidharau hata kidogo. Lakini shukrani ni ya aliyetenda. Ukiihamishia kwa mtoto inageuka deni, na kura haikuwekwa ili kulipia madeni. Tena naona hata Gideon mwenyewe alinyimwa kitu. Mgombea anayepingwa husimama sokoni Kabarnet, mama aliyetua mtungi akamuuliza habari za maji, naye akatafuta jibu mbele ya watu wanaomtazama usoni. Hurudi nyumbani usiku anajua nani hamtaki, na kwa nini. Elimu hiyo mzazi hawezi kumpa mtu, hata awe rais.

Mwaka 2007 karatasi ilirudi. Gideon alishindwa na Sammy Mwaita. Ndugu zake, Jonathan kule Eldama Ravine na Raymond kule Rongai, wakaanguka pia, ingawa baba yao alikuwa hai na alitaka washinde. Wako waliosema watu wa Baringo wamekosa adabu. Mimi sikubali. Watu wale wale, mwaka 2013, walimpa Gideon useneta wa kaunti yao. Safari hii jina lake halikuwa peke yake kwenye karatasi, na kila aliyetia alama alikuwa na pa kuitia kwingine.